Kigoda cha Mlangoni

Usinikunjie uso, mwanangu Kamau. Weka hiyo simu chini, na kama ni kucheka, cheka sasa umalize. Wewe mtu wa benki unadhani kila usichokiona kwenye kompyuta ni porojo za wanawake wazee. Kaa hapo.

Nilipokuwa mtoto hapa Riruta, kabla ya haya maploti ya kukodisha, yalikuwa mashamba tu mpaka mtoni. Mama yangu alijifungua msichana, naye kwa desturi yetu akapewa jina la nyanya mzaa baba, ambaye alikuwa ameshakufa. Nyanya mzaa mama akaja na njahi, yale maharagwe meusi ya kumrudishia binti yake damu, akaweka kigoda mlangoni, akaanza kusuka kiondo. Hakubanduka. Waliamini kwamba marehemu mwenye jina la mtoto hurudi kumwita mzazi mpya. Akimkuta na mtu, huona haya akageuka. Akimkuta peke yake, huondoka naye.

Mama hakulia kwa sauti. Alitazama ukuta. Njahi zilipoa kwenye sahani, na mtoto akilia, alimtazama kama mtoto wa jirani. Nyanya hakumsuta hata mara moja. "Kula kijiko kimoja," alimwambia, "halafu endelea kununa."

Baba alikuwa ameokoka juzijuzi, na wokovu mpya huwa na kelele. Akamkabili mama mkwe wake, jambo ambalo mwanamume wa wakati ule hakulithubutu. "Mama, katika nyumba hii hatulindi mtu dhidi ya wafu. Chukua kigoda chako."

Nyanya alikunja nyuzi zake polepole. "Mimi nifukuze. Lakini hapo mlangoni weka mtu, hata wa kusinzia."

Nyanya akaenda zake, na Baba hakuweka mtu. Siku iliyofuata alienda kazini, na mimi nikaenda shule. Niliporudi nilikuta mlango wazi, moto umezimika, kuku wanadonoa njahi kitandani. Mdogo wangu walimkuta mzima kwenye nyasi kando ya mto, amefunikwa shuka vizuri mpaka kidevuni. Mama walimtoa majini. Jioni hiyo Baba aliomba kwa sauti kubwa, na hakuna aliyeitikia amina.

Nimezeeka nikilitafuna jambo hilo. Huyo nyanya mzaa baba aliyekufa alikuwa mwanamke mpole, asingemwita mtu. Juzi muuguzi wa kliniki aliniambia kwamba ni ugonjwa, unawapata wengi wakishajifungua, na unatibika. Sawa, nimesikia. Nyanya alikosea kumtaja adui, lakini kigoda alikiweka mahali pake.

Sasa wewe. Mkeo yuko chumbani na mtoto mchanga, anatazama ukuta. Majirani waliokuja kumwona umewafukuza ati wanamchosha, na asubuhi hii ukaniambia, "Mama, Nyambura atazoea tu. Nikupeleke steji ya matatu, urudi kwako?" Wewe ni babu yako mtupu, umeongeza tai tu.

Steji siendi. Kesho utaomba ruhusa kazini, tumpeleke kliniki, na huko ukae kimya daktari akiongea. Leo nipe hicho kigoda cha jikoni. Basi, usiinuke, nimeshakishika mwenyewe.

Naingia kwake. Mlango huu naufunga, na ukitaka kupita, utabisha hodi kwangu.