Mbeleko kwa Fundi Viatu

Hapa Bariadi hakuna kisa kinachonipita, na cha kunifunga mdomo kilikuwa hakijazaliwa. Juzi kikazaliwa, kwa fundi viatu wa sokoni.

Mama mmoja mzee wa Ngulyati alifungua kanga, akatoa mbeleko ya ngozi, imelainika kama sikio la ndama. Akamwambia fundi amshonee makubazi ya kwendea shambani.

Fundi akaigeuzageuza, akaweka kisu chini. "Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "hii si ya kubebea watoto?"

"Ilikuwa. Mama yangu alinibeba nayo, nami nikambeba binti yangu. Sasa yuko Mwanza na mumewe. Wanasema kodi, sijui ada, basi wao wawili wanatosha."

Mimi nikajitosa, maana ndipo penye sifa zangu. "Mayu, mimi ninao watoto saba. Hata kwangu mbeleko ipo, imetundikwa nyuma ya mlango inasubiri wajukuu."

Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Saba. Wamekuletea wangapi?"

Nikakohoa. Mwanangu wa kwanza ameshaota mvi, anafuga kuku wa kisasa. "Bado wanajipanga," nikasema.

"Hata wangu alisema hivyohivyo."

Akavua ndala, akakanyaga ngozi pale panapolala kichwa cha mtoto, fundi akauchora mguu kwa chaki. "Kata, baba," akasema. Fundi akakata.

Nilipoaga, fundi akaniuliza mimi navaa namba ngapi.