Chozi Aliyepigwa Mnada

Siku ile ya mnada kanisani tulikuwapo mimi, wadogo zangu wawili, shangazi aliyewalea huko Iringa nilipoacha shule kwenda kufanya vibarua Iyunga, na baba mdogo, mzee wa usharika.

Shangazi hakuwahi kuniomba kitu ila kimoja: picha ya chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, akinyonya maua ya mshubiri ambao marehemu mama aliupanda mlangoni kwetu. Mshubiri wenyewe haukuwapo tena. Baba mdogo aliiuza nyumba, na mnunuzi akamwaga zege hadi kizingitini. Ulibaki kwenye picha moja ya zamani, mama amesimama kando yake.

Chozi nilimpiga picha kwa simu kwenye maua ya jirani, nimetundika shuka jeupe nyuma yake, asubuhi, ili mwanga umjie kutoka kushoto kama ulivyomjia mama. Nikaipeleka studio ikachapishwa. Kisha nikashika wembe, nikaukata mshubiri kwenye ile picha ya zamani, ubavuni mwa mama, nikambandika ndege juu ya ua. Picha ya mama haikuwa na nakala.

Nilifika Iringa Jumapili ya mavuno. Picha niliyoiunganisha niliiacha mezani kwa baba mdogo, nimkabidhi shangazi baada ya ibada. Sikujua kwamba baba mdogo aliibeba.

Kwenye mnada wa sadaka, baada ya kuku na maboga, akaiinua. "Sadaka ya watoto wa marehemu kaka."

"Ndege huyu hali mahindi ya mtu," mnadishaji akatania. "Nani anamchukua?"

Watu wakacheka. Mama mmoja akamnunua na kumzawadia mchungaji. Nilisimama. Shangazi akanivuta kitenge.

"Kaa, mwanangu. Kilichotolewa madhabahuni hakirudi nyumbani."

Nje nilimkabili baba mdogo. "Ile ilikuwa ya shangazi."

"Kati ya Mungu na shangazi yako, nani mkubwa?"

"Mungu hakuniomba picha. Shangazi aliniomba."

"Kiburi hicho ndicho kilichofanya shule ikushinde."

"Shule haikunishinda. Niliiacha ili wadogo zangu wale, wakati wewe unauza nyumba."

Baba mdogo alikwenda kusalimiana na wazee wenzake.

Shangazi aliniapisha nisiende kwa mchungaji kuidai picha. Aibu ya baba mdogo, kaka yake, alisema, ni yake pia. Nimeapa, na hasira haijanitoka. Watu wananiletea picha za ndege na maua yao niwaunganishie, nami nawaunganishia. Mama amebaki amesimama kando ya tundu nililolikata kwenye picha yake, na shangazi bado ananidai mshubiri wa wifi yake.