Nilibadilisha hedi ya Landrover, baba akaamini nimemuuzia gari lake

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Wengine mtasema ni injini tu, chuma tu. Someni kwanza.

Baba yangu alikuwa na Landrover ya petroli aliyoinunua kabla sijazaliwa. Aliuza karibu madume yake yote ya ng'ombe kulipata, wazee wenzake pale Mwamapalala wakaona amerukwa na akili. Gari hilo ndilo lililobeba pamba yetu, wagonjwa wa kijiji, na mama siku aliposhikwa na uchungu wangu. Baadaye injini ikafa, likakaa nyuma ya nyumba miaka na miaka, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva.

Baba naye akapata presha ya macho, akapofuka kabisa.

Sasa mjue, yule mzee alichunga ng'ombe tangu utoto. Hata baada ya kupofuka alikuwa anakaa mlangoni mwa zizi jioni anawatambua kwa sauti: huyu kaingia, yule bado. Gari lake alilijua hivyo hivyo. Mama anasema zamani akiliazimisha, alikuwa analisikia likiwa bado mbali na kujua kama limepakia au ni tupu.

Siku moja akaniita. Mimi naishi Bariadi mjini, nina duka la vifaa vya umeme. Nilipofika nikamsalimu, "Mwangaluka, baba," akaitikia haraka haraka, kisha akanishika mkono.

"Ng'wanone, mwanangu, macho yamekwenda. Nitengenezee Landrover yangu niisikie tena, nipande, unizungushe hata mara moja."

Nikaahidi.

Tukalipakia kwenye fuso hadi Binza, Maswa, kwa fundi mmoja mzee anayezijua hizo injini. Alipofungua akakuta pistoni zimechoka, valvu zimeungua na silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, imepinda kidogo kwa kuchemsha kwa zamani. Akasema hedi hiyo inapona. Itasawazishwa kwenye mashine, itawekwa valvu mpya, itarudi ilivyokuwa.

Jamani, mimi nikajifanya mjuaji! Nilikuwa kwenye kundi la simu la wapenzi wa magari ya zamani, watu wanaonyeshana injini walizoziongezea nguvu. Huko nikaona hedi nyingine, valvu zake kubwa, njia za hewa pana, inagandamiza hewa na mafuta kwa nguvu kuliko ile ya zamani. Tamaa ikanishika. Mdogo wangu wa kike alikuwa anakaribia kuolewa, na mimi nikawa najiona niko mbele ya msafara, Bariadi nzima inageuka kunitazama.

Fundi alinikataza. Alisema injini hiyo ilitengenezwa kuvuta mzigo polepole, ukiibana sana itachemka, na hata mlio wake hautakuwa ule. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamjibu kwa jeuri kwamba mlio wa kikongwe nani anautaka. Mdomo huu!

Hedi mpya ikafungwa, na bomba jipya la moshi. Bodi nikainyoosha. Kibonyeo cha mlangoni, alichoacha dume aliyelipiga gari pembe, nikakiziba kwa puti. Rangi mpya, viti vipya. Akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, nikamwambia hiyo hedi ya zamani beba tu.

Siku ya kumpelekea baba ndugu walijaa uani tangu asubuhi. Baba alivaa koti lake la kanisani. Nikaingia nalo linanguruma kwa ukali, akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa natazama uso wa baba.

Haukubadilika. Alisogea, akapapasa mlango. Mkono ulikwenda moja kwa moja pale penye kibonyeo, ukapita, ukarudi, ukatafuta tena. Akaniambia nizime kisha niwashe. Nikazima, nikawasha. Akainamisha kichwa akasikiliza muda mrefu.

"Hili gari la nani?"

"Lako, baba."

"Langu umelipeleka wapi?"

Niliapa. Nikamweleza habari za hedi, mama naye akaapa, wapi! Mtu aliyeishi na ng'ombe huwezi kumletea dume mwingine ukamwambia ni yule yule. Na kwetu, mtoto kuuza mali ya baba aliyepofuka halafu kumpitishia nyingine mkononi ni aibu ambayo watu hawaitaji hata kwa jina. Baba hakugomba. Aliomba arudishwe ndani, hakulipanda.

Kesho yake nikakimbilia Binza, nikamwangukia fundi arudishe kama zamani. Akauliza hedi ya zamani iko wapi. Nikamsaka yule mnunuzi wa chakavu, nikaambiwa mzigo ulishafika Lamadi na kutoka huko umekwenda kuyeyushwa. Nililia pale barabarani mbele za watu, mtu mzima mimi, na sikujali.

Nikahangaika nikapata hedi nyingine ya aina ile ile ya kwanza, kutoka kwenye Landrover iliyokufa. Fundi akaifunga. Nikalipeleka tena, nikaliwasha mbele ya baba. Alisikiliza, akatikisa kichwa polepole.

"Hili limekaribia," akasema. "Umehangaika kupata linalofanana."

Baba alifariki wakati pamba inachumwa. Baada ya mazishi baba mkubwa aliniita mbele ya ukoo akanipa maneno aliyoachiwa. Baba alisema nisidaiwe kitu. Alisema amenisamehe kuuza gari lake, kwamba lazima nilikuwa na shida, ila ningemwambia tu.

Nimesamehewa wizi ambao sikuufanya! Lile nililolifanya kweli, la kumsikia baba akiniomba kitu kimoja na mimi nikatengeneza changu, yeye hakulijua. Sasa niende kuungama kwa nani?

Wewe unayefufua gari la mzazi wako, weka hiyo simu chini. Kabla hujachagua hedi ya kuongeza nguvu, muulize mwenye gari analitaka la nini. Ukifungua kitu cha zamani kifunge kwenye gunia, kihifadhi. Akikwambia anataka lile lile, mpe lile lile, akiwa bado anasikia.