Hindi Ndani ya Koti

Hindi la kuchoma lilidondoka kutoka kwenye koti langu mbele ya kanisa zima, hapa Bungoma, nikiwa katikati ya ushuhuda kuhusu kujizuia, na kabla hujacheka naomba unisikilize, kwa maana hadi leo nikikaribia lango la kanisa hilo naona aibu.

Nianze mwanzo. Binti yangu Naliaka alirudi likizo ya Agosti akasema haendi tena kidato cha tatu, kemia imemshinda. Sikumgombeza. Nilimwambia nyumba hii hatuachi jambo katikati (marehemu baba yangu alilisema hilo akiwa ameshika jembe, mimi hulisema nikiwa nimeshika rimoti), nikapendekeza kila mmoja aache kitu anachokipenda kwa siku thelathini, tujue kama tuna moyo. Mama yake akaacha tamthilia za jioni. Naliaka akaacha sukari kwenye chai.

"Na wewe, Baba?"

"Mahindi choma."

"Ati mahindi? Na vile ni Agosti na unafanya kazi Kitale? Si utakufa, bana!" Akacheka sana, kisha akaninyooshea mkono. "Sawa. Ukifikisha thelathini, narudi shule. Ukishindwa, usiniambie tena maneno ya kuvumilia."

Tukapeana mikono.

Kitale mwezi huo kila kona ina jiko na kila jiko lina hindi, kwa hiyo nilikuwa nazunguka nyuma ya soko ili nifike ofisini, na ofisini nilifunga dirisha, na usiku niliota punje. Lakini nilifika siku ya ishirini na nane. Mke wangu, kwa furaha, akamweleza mchungaji, na mchungaji akaniweka kwenye ratiba ya Jumapili nishuhudie.

Jumapili hiyo, siku ya ishirini na tisa, nilitoka nyumbani bila kunywa chai kwa wasiwasi wa kusimama mbele ya watu, na ibada ilivyozidi kurefuka nikatoka nje kupata hewa, na nje ya lango kulikuwa na mama anachoma. Nikajiambia nitasogea nisikie harufu tu.

"Mzee, hili limeiva vizuri. Nikupakie ndimu na pilipili?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema ndiyo.

Nilijibanza nyuma ya tangi la maji, nikang'ata mistari miwili, na papo hapo mzee wa kanisa akatokea kwenye kona. "Baba Naliaka! Unangojewa mbele, haraka!" Hindi likaingia mfuko wa ndani wa koti, moto vile vile, bila hata ganda la kulifunika.

Nilianza vizuri. "Wapendwa, kujizuia kunaanza na baba wa nyumba, na kwetu hatuachi jambo katikati..." Joto likapenya shati. Nikaendelea, jasho likinitiririka, nikimwangalia Naliaka kwenye benchi la kwanza ili nisiangalie koti, mpaka ile pilipili ikafika kwenye ngozi na nikaruka. Kina mama wakapiga vigelegele. "Roho ameshuka!" mtu akapaza sauti, mpiga ngoma akaingia kwa nguvu, nami nikaruka tena, maana pilipili haijui haleluya. Ndipo hindi likachomoka, likabiringika polepole (naukumbuka kila mzunguko) na kusimama kwenye kiatu cha Naliaka.

Ngoma ikanyamaza. Naliaka akaliokota, akaligeuza.

"Mistari miwili," akasema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lote lilisikia.

"Si kwao hawaachi kitu katikati?" mzee mmoja akauliza kutoka nyuma. "Basi mwacheni amalizie!"

Kanisa likaangua kicheko. Naliaka hakucheka. Alilifunga lile hindi kwenye leso yake na kuniangalia, na macho yale ndiyo yaliyoniunguza zaidi.

Nyumbani nilimwambia naanza upya, kutoka siku ya kwanza, na kwamba sitapanda tena mbele ya watu kushuhudia jambo ambalo sijalimaliza. Alisema tu, "Sawa, Baba," akamimina chai. Siku zake thelathini zilikwisha Jumatatu ile, lakini hadi leo hajagusa sukari.

Leo ni siku yangu ya saba, na shule inafunguliwa kesho. Asubuhi nimekuta sanduku lake la chuma la shule limewekwa mlangoni, limefungwa kufuli. Nimepita hapo mara nne, na sijathubutu kuliinua nijue kama lina kitu ndani.