Mpunga Uliokatwa Mbichi

Mwaka jana pikipiki iliyokuwa ikinipeleka Wamaza ilikatika mnyororo, nikashuka kungoja. Nilipotazama bondeni moyo ulishtuka: palikuwa kwetu.

Rafiki yangu, ungekuja enzi za Wabelgiji, ungesikia michi ikitwanga tangu alfajiri na kunusa mawese jikoni. Sisi wasichana tulifukuza ndege mashambani, tukigonga makopo na kuwaimbia ndege matusi. Udongo wote wa bonde ulikuwa wa ukoo wa babu. "Mwenye udongo hagawi kwa uso wa hasira," alizoea kusema. Mgeni alikuja na kuku, akaonyeshwa mpaka wake. Jirani yetu alipokelewa hivyo. Bibi alimlisha mpaka mihogo yake ya kwanza ikakomaa.

Kisha akaja muzungu wa pamba, aliyelazimisha vijiji kuilima, na askari mwenye fimbo. Alisimama mbele ya shamba la bibi, mpunga ukiwa umebakiza mwezi tu kuvunwa, akauliza udongo ni wa nani.

"Ni wa bwana yangu na baba yake," bibi alijibu.

Jirani akasogea. "Huyu mama iko muzee, akili imemutoka. Udongo ni wangu, Bwana. Nitalima pamba."

"Weye?" bibi alimgeukia. "Si mimi nilikulisha?"

Siku ileile jirani alifanywa kapita, msimamizi wetu sote. Amri yake ya kwanza: mpunga ukatwe, na bibi aukate mwenyewe. Babu alipokataa, alilazwa kifudifudi akachapwa mbele ya wakwe zake, kapita akihesabu fimbo kwa sauti. Sisi tuliinama, tukakata. Punje zilikuwa bado maziwa. Mdogo wangu alizinyonya akicheka. Alidhani ni mchezo.

Njaa ilifika kabla pamba haijachanua. Tulichimba viazi vya porini, vichungu, mdogo wangu akavimba miguu. Alipokufa, kapita alikataza tumzike bondeni, eti tutakanyaga miche. Tulimzika kando ya barabara, ambayo baadaye ilipanuliwa.

Babu hakusema tena barazani mpaka alipofariki.

Pamba ilikwisha, wazungu wakaondoka, watu wetu wakatawanyika, wengine Salamabila kuchimba dhahabu. Zamani kila shamba la bonde lile lilikuwa na jina, na bibi aliyajua yote. Mimi nimebaki na mawili, na hakuna aliye hai wa kuniambia kama nayataja sawasawa.