Ile Maji ya Macho

Wacha niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na mtu: watu wa Chechelesi waliniona nimesimama katikati ya shamba na chupi peke yake, ya bluu, iko na shimo (si kubwa, lakini iko pahali mbaya), namwagiwa maji kichwani dakika kumi na tano, na ngamia kumi na moja zimepanga laini zikinitazama.

Ilianza vizuri. Madam Karimi, mwenye shamba, alileta tangi ya amonia, ile gesi ya mbolea yenye inaingizwa ndani ya mchanga kabla ya mahindi, na kati ya watu wote akapea mimi funguo, mimi nilitoka shule darasa la sita nikafuata mbuzi. Tukaiweka mbali na nyumba, upande upepo unaenda, tukazungusha fensi, na kando yake pipa kubwa ya maji safi, wazi juu, ndio gesi ikikugusa macho ama ngozi unajiosha hapo hapo. Madam akaniambia, "Ekiru, siku maji itakosa hapo, na wewe kazi umekosa."

Asubuhi ya kujaza, lori ya gesi bado iko njiani, nikakaa kivulini nikiangalia ile tangi. Nyeupe, kama mwezi umechoka ukashuka kulala kwa vumbi. Joto ilikuwa inafanya kila kitu ielee, fensi inaelea, migunga inaelea, na mimi naelea nayo, najiona na kofia ya injinia nikipungia watu mkono. Ngamia zikatokea polepole bila kelele, nikadhani ni za ndoto, mpaka moja ikanipumulia shingoni.

Nyuma yake mzee Guyo, rafiki yangu, ametoka nazo Sericho, midomo imepasuka.

"Ekiru, hii maji ni ya nini?"

"Ni ya macho, mzee."

"Macho ya nani?"

"Yangu."

"Iko na shida?"

"Bado."

"Sasa ngamia yangu iko na shida leo."

Niambie wewe ungejibu nini. Huku kwetu mtu hanyimi mnyama maji halafu alale. Nikasema zionje tu, nitaongeza na pampu. Zikainamisha shingo, anga ikawa inacheza ndani ya maji, nikaitazama mpaka nikarudi kwa ndoto yangu, na pampu nikaisahau kabisa.

Honi ndio iliniamsha. Mutuma, fundi wa lori, akauliza moja moja: glavu, miwani, valvu, upepo. "Maji?"

"Iko!" nikasema, bila kugeuza shingo.

Tukajaza mpaka asilimia themanini na tano (haijazwi yote, gesi pia inataka pahali ya kujinyoosha), akafunga valvu, na wakati wa kutoa mpira wa kujazia, ile gesi kidogo ilikuwa imebaki ndani ikafanya psss.

Ikagusa nguo yangu, ikapenya kando ya miwani, kama pumzi ya mtoto tu. Lakini ile harufu, ndugu zangu! Nikakimbia kwa pipa nikaruka, kichwa mbele.

Tupu. Mate ya ngamia na matope, na mimi miguu juu, napiga nduru, pipa inanirudishia nduru yangu.

Mutuma alinivuta, akanivua zile nguo, akafungua maji ya akiba ya lori, akaangalia saa. Majirani wakafika, na ngamia zikarudi kutazama. Madam akafika dakika ya tatu, akaitisha funguo, na mimi, nang'ang'ana kufungua macho, nikamwambia iko kwa mfuko wa suruali, na suruali sijui iko wapi.

Macho ilipona. Funguo Madam alinirudishia siku nilimaliza kuchimbia wanyama pahali yao ya kunywa, nje ya fensi, na jembe na mikono yangu. Na "iko" siwezi kusema tena kwa kitu sijaenda kuona.

Hiyo siku ya funguo, jioni, mzee Guyo aliniletea maziwa ya ngamia, akasema, "Ekiru, ngamia haisahau mtu aliipatia maji. Shida ni moja tu, zimekuona na ile chupi, na hiyo pia hazitasahau."