Mafuta ya Giaboksi na Mbuzi wa Ntheo

Mume wangu Kimeu ana kinu cha kusaga unga hapa Migwani, nyuma ya soko, na kwa sababu ya kinu hicho anaamini kwamba hakuna injini duniani inayoweza kumfundisha kitu. Kinu kinatumia dizeli. Kila asubuhi kabla ya kukiwasha huchomoa dipstiki, kile chuma cha kupimia mafuta, huipangusa, huirudisha, huichomoa tena, kisha huitazama kwa jicho moja. Injini hupimwa mafuta ikiwa imelala, husema, ndipo inasema ukweli. Sijawahi kumpinga, maana unga tunakula.

Taabu ilikuja na gari. Ni wagoni nyeupe ya Kijapani, ya automatiki, iliyopita mikono mingi kabla ya kufika kwetu, na mlango wake mmoja wa nyuma hufunguliwa kutoka nje tu. Hata hivyo ikawa heshima ya nyumba. Imebeba maharusi, imebeba wagonjwa, imebeba spika za kanisa. Kimeu naye akaanza kutembea na funguo mkononi hata akienda chooni.

Mwaka huu gari likaanza ukaidi. Ukitia gia, linakaa kwanza kama mtu aliyeitwa mezani huku akimalizia maongezi yake, halafu linaruka mbele kwa kishindo. Wakati mwingine ningesema liache lifie mbali. Lakini safari hii nililihitaji kuliko Kimeu mwenyewe.

Kijana wetu Gedion anaishi Mlolongo na Ndunge, msichana wa Makueni, na wana binti ambaye sasa anatembea. Ntheo ilikuwa haijapelekwa. Kwetu Ukambani, mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa kina msichana na mmoja achinjwe aliwe pale pale, hakuna ndoa. Kuna vijana wawili waliozoeana. Mtoto naye huhesabiwa ni wa kwa kina mama yake. Desturi yataka binti wa kwanza apewe jina la mama ya baba, yaani jina langu, Mbinya. Lakini wao walimwita Kasiva, jina la mama yake Ndunge. Kila nikipiga simu nilikuwa nasikia kwa nyuma, "Kasiva, wacha hiyo! Kasiva, kuja ukule!" Nilikuwa nakata simu nikiwa na hasira isiyo na pa kwenda.

Siku moja Kasiva mwenyewe, mama yake Ndunge, aliyekuwa amewatembelea, aliichukua ile simu. "Mbinya, mimi sina ubaya na wewe," akasema. "Lakini jina haliendi na simu. Leteni mbuzi, mchukue jina."

Tukapanga Jumamosi. Kesho yake, Jumapili, mtoto alikuwa apelekwe kanisani kwao kuombewa, na jina litakalotajwa mbele ya watu wote ndilo lingebaki naye mpaka uzeeni. Kwa hiyo mbuzi walitakiwa wafike Jumamosi, na kwa kina Ndunge ni juu kabisa ya mlima, ukipita Tawa, kwenye barabara ya kupanda Kikima. Hapo mtaelewa kwa nini mimi, ambaye sijui hata kufungua boneti, nilianza kukosa usingizi kwa ajili ya mafuta ya giaboksi.

Migwani nzima ilikuwa na ushauri. Kyule, kaka mkubwa wa Kimeu, alisema mafuta ya giaboksi ya gari zee hayaguswi kamwe, ukiyabadilisha, umelizika. Mwenye duka la vipuri akasema chukua ya bei kubwa kuliko zote, haiwezi kukosea. Mzee mmoja wa kanisa akasema mradi ni nyekundu, zote ni moja. Kimeu aliwasikiliza wote na akakubaliana na kila mmoja wao, jambo ambalo hajawahi kunifanyia mimi.

Mwishowe nikamwambia twende Mwingi kwa Hassan, fundi wa giaboksi. Hassan si mtu wa kujishusha. Ukimuuliza saa, atakueleza kwanza jinsi alivyofufua lori la Garissa lililokuwa limekatiwa tamaa na mafundi wote wa Thika. Lakini alichomoa dipstiki ya giaboksi, akainusa, akatuonyesha tone jeusi kwenye kitambaa.

"Mzee, hii si oili tena, hii ni majivu na maji," akasema. "Imeungua kidogo lakini giaboksi haijakufa. Sasa soma hapa."

Kwenye kile chuma cha dipstiki, chini ya uchafu, kulikuwa na herufi zimechongwa. Kimeu akavaa miwani.

"Gari yenyewe inakuambia inataka oili gani," Hassan akaendelea. "Usiende na bei, usiende na rangi, usiende na ile beste yako anatumia. Na usijaribu kutoa yote na mashini ya presha. Toa ile inamwagika kwa sampu, hii bakuli ya chini, osha filta, rudisha ingine kama hiyo imetoka. Baada ya muda urudie tena. Gari ya kitambo haitaki kushtuliwa."

"Sawa sawa," Kimeu akasema.

"Na kupima, mzee, unapima injini ikinguruma. Ikuwe imepata moto, upitishe gia zote polepole, ndio uchomoe dipstiki. Ukizima umepotea."

"Sawa sawa," Kimeu akasema tena, na mimi ninayemjua nikajua kwamba hilo la mwisho halikuingia popote. Hassan alitaka tumwachie gari alifanye mwenyewe. Kimeu akacheka kwa heshima, akanunua mafuta, tukarudi.

Nisimnyime haki yake. Ijumaa, nyuma ya kinu, alifanya kazi safi. Alilala chini ya gari kwenye magunia, akafungua sampu, mafuta meusi yakashuka kwenye beseni, akaosha filta, akafuta sumaku ya humo ndani iliyokuwa na ndevu za unga wa chuma, akafunga na gasketi mpya. Jumamosi asubuhi akamimina mafuta mapya, mekundu ya kupendeza, kupitia kwenye bomba la dipstiki. Akawasha injini. Akapitisha gia moja baada ya nyingine kama alivyoambiwa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nikafurahi moyoni, nikasema kumbe mtu hubadilika.

Hapo ndipo Pasta Mulei alipoingia kutuombea safari.

Pasta Mulei haombi penye kelele. Huko kanisani hata jenereta huzimwa. Kimeu akazima injini, tukainamisha vichwa, Pasta akaombea barabara, akaombea wakwe, akaombea mbuzi, akaombea magurudumu. Aliposema amina, Kimeu akachomoa dipstiki, akapangusa, akairudisha, akaichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamepita mstari wa juu.

"Yamejaa," akasema.

"Bwana amejaza," Pasta akasema.

Chupa moja ilikuwa imebaki haijafunguliwa. Nikamwambia, "Baba Gedion, si Hassan alisema upime ikinguruma?"

"Mama Gedion, Hassan anauza oili. Mtu wa kuuza oili atakuambia uongeze. Mimi nimepima mafuta maisha yangu yote." Akaitupia ile chupa chini ya kiti changu na jambo likaisha.

Tukaondoka. Kyule alikaa mbele na kofia yake ya shughuli, kwa sababu ndiye angesema maneno kwa wakwe. Mimi nilikaa nyuma, na nyuma yangu walikuwa mbuzi watatu, mmoja wao akitafuna ncha ya kitambaa changu cha kichwa. Gari lilikwenda vizuri ajabu. Kabati, Wamunyu, Masii, gia zikiingia bila kishindo. Kimeu alijisifu mpaka Kyule akajifanya amelala.

Tulipopita Tawa, mlima ukaanza. Kona ya kwanza tulipanda. Kona ya pili injini ikalia kwa nguvu zote huku gari likipunguza mwendo. Kona ya tatu injini ikalia na gari likasimama kabisa. Kimeu akakanyaga mafuta. Kelele nyingi, safari hakuna. Gari likarudi nyuma kidogo, na ile chupa ikabiringika ikanigonga kisigino.

Nikaiinua. "Baba Gedion. Ongeza hii."

"Haiwezekani. Imejaa."

"Ongeza tu."

"Mama Gedion, tumepima, imejaa, na imeombewa. Nikiongeza nitakuwa namwambia Pasta nini?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu, kanisa na kinu kwa pamoja. Nilitazama ule mlima, nikafikiria Jumapili, nikafikiria lile jina likitajwa mbele ya watu. Nikasema tumpigie Gedion, ambaye alishatangulia huko juu, waje na pikapu ya kina Ndunge. Kimeu na Kyule wakaniangalia kama nimetukana. Uende kwa wakwe kuazima gari lao ili uwapelekee mbuzi wao! Mwenye pikipiki akapita, akajitolea kubeba mbuzi mmoja mmoja. Hapana pia, mbuzi wa ntheo wafike kwa pikipiki bila watu wao, kama wa kupelekwa buchari?

Basi nikashuka, nikafungua mlango wa buti, nikashika kamba ya yule mbuzi aliyekula kitambaa changu, nikaanza kupanda. Wanaume walibaki wakijadiliana kidogo, kisha nikasikia mbuzi wengine wawili wakilia nyuma yangu. Tulipanda na viatu vya kanisani. Kyule alivua koti, halafu akavua tai. Kimeu aliacha kujisifu, na hiyo ndiyo sehemu pekee ya safari niliyoipenda.

Tulifika jua likiwa bado lina nguvu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Kasiva akatoka nyumbani, akatutazama, akatazama mbuzi, akatafuta gari kwa macho na hakuliona. Halafu akapiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

"Wametembea!" akawaita wazee waliokuwa ndani. "Kujeni muone! Siku hizi watu wanaleta mbuzi kwa buti kama magunia ya makaa. Hawa wameheshimu msichana wangu, wametembeza ntheo na miguu yao!"

Wazee wakatoka, wakatushika mikono kwa mikono miwili. Nilimtazama Kimeu. Akapangusa jasho, akakohoa kidogo, akasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Tuliona kuja na gari si heshima." Kyule akainamia kiatu chake ghafla, akawa anafunga kamba ambayo haikuwepo.

Mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa. Wakati nyama iko motoni, Kasiva alimshika mtoto mkono, akamleta mpaka nilipokaa. Hakusita, ingawa alikuwa anatoa jina lake mwenyewe. "Mbinya," akamwambia yule mtoto, "enda kwa susu, nyanya yako." Mtoto akaangalia nyuma kuona ni nani anayeitwa. Kisha akaja, akashika ile ncha ya kitambaa iliyotafunwa. Nililia. Sioni haya kusema. Nililia mpaka Ndunge akaniletea maji.

Kabla ya kuondoka nilijificha nyuma ya jiko nikampigia Hassan. Akacheka kwanza, akacheka sana, nikamngoja amalize. "Mama, ukizima injini, oili inateremka yote kwa sampu," akasema. "Lazima ionekane imejaa. Iwashe, mtu akanyage breki apitishe gia, wewe ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usipite mstari."

Tukashuka mpaka kwenye gari, Gedion akitusindikiza. Kimeu akasema tuliombee kabla ya kuliwasha. Nikamwambia, "Liwashwe kwanza. Mgonjwa huombewa akipumua." Gedion, ambaye nilikuwa nimeshamnong'oneza, akaingia kwenye usukani, akaliwasha, akaanza kupitisha gia huku amekanyaga breki. Boneti ikafunguliwa, Kimeu akaweka mkono juu ya bodi ya gari, akafumba macho, akaanza kuomba. Mimi nikatoa chupa kwenye kiondo changu, na shingo ya chupa ya maji niliyokuwa nimeikata huko jikoni iwe ya kumiminia. Nikamimina, nikapima, nikapangusa kwa kitambaa, nikamimina tena. Kyule akafungua jicho moja, akaniona, akalifumba. Maombi ya Kimeu ni marefu, na kwa mara ya kwanza tangu anioe nikamshukuru Mungu kwa urefu wake. Aliposema amina, mafuta yalikuwa kwenye mstari na chupa tupu ilikuwa kwenye kiondo.

Gari likapanda ile kona kama halijawahi kukwama pale. Kimeu akaligeuza huko juu mbele ya nyumba ya Kasiva, bila sababu yoyote ile isipokuwa kuonekana, tukarudi nyumbani.

Siku hizi wenye magari ya zamani ya automatiki huja kwenye kinu kumwomba ushauri. Huwaambia wapime injini ikiwa imelala, waombe, wasiongeze kitu. Wakishaondoka, mimi huwafuata mpaka barabarani, nikawaambia la Hassan.

Jumapili ya wiki iliyofuata safari ile, Gedion na Ndunge walikuja na mtoto kanisani kwetu. Kimeu akasimama mbele kutoa ushuhuda. Akaeleza mlima, akaeleza jinsi gari lilivyokataa, akaeleza jinsi alivyoweka mkono na mafuta yakajaa yenyewe bila mtu kugusa. Watu wakapiga makofi. Pasta Mulei akanigeukia mahali nilipokaa.

"Mama Gedion, wewe ulikuwepo. Si ni kweli?"

Vichwa vyote vikageuka kunitazama. Kyule, kwenye kiti cha mbele, akawa anasoma dari. Wakati huo huo mtoto akamponyoka mama yake na kukimbia katikati ya viti, na Ndunge, akiwa amesahau mahali alipo, akaita kwa sauti, "Mbinya! Mbinya, rudi hapa!"

"Amina," nikasema, kwa nguvu zangu zote, na kanisa zima likaitikia likidhani nazungumzia mafuta.